Mama Tetea, Wifi Yake na Utitiri wa Bandani

Saa kumi na moja alfajiri, jogoo wa upande wa pili wa ukuta hajamaliza kuwika, Mama Tetea anaingia bandani kwa magoti.

Mlango wa banda lake umekatwa kwa kipimo cha kuku, si cha mtu mzima wa miaka arobaini na mitatu. Mdomoni amebana tochi ndogo. Mkononi ana kipande cha shuka jeupe, kimekunjwa mara nne. Kuku kumi na saba wamelala kwenye mabomba ya chuma, vichwa vimezama kwenye manyoya, na hakuna hata mmoja anayejisumbua kumtazama.

Anatoa tochi mdomoni. "Wakati ule wa wadudu walikuwa hawalali," ananong'ona. "Wanahamahama usiku kucha, kama abiria waliolala kituoni."

Anapitisha kitambaa chini ya bomba la kwanza, taratibu, kutoka mwisho mmoja hadi mwingine. Anakandamiza pale bomba linapoingia ukutani, kwa sababu hapo ndipo mdudu hupenda kujificha. Kisha bomba la pili. Kisha pembe za viota, moja baada ya nyingine. Akimaliza anakunja kitambaa kwa ndani na kutoka nje kinyumenyume.

Hakitazami. Ameapa atakitazama jua likitoka, mbele ya mashahidi.

"Nikitazama peke yangu nitajidanganya," anasema, huku akipangusa magoti. "Najijua mimi."

Leo ni siku ya kumi na nne. Wiki mbili zilizopita mumewe, mpaka rangi wa nyumba na mtu wa maneno machache, alitoa uamuzi mmoja kisha akabeba ngazi yake akaenda kazini: wadudu wa kuku wakionekana tena baada ya wiki mbili, banda linavunjwa na kuku wanauzwa. Hakuwa anatania. Asubuhi ile mama yake mzazi alikuwa ameamka na vipele vyekundu kuanzia kiwiko hadi begani, na chumba anacholala kimepakana na banda.

Kwa hiyo katika kile kitambaa kilichokunjwa imo kazi nzima ya Mama Tetea, kazi pekee iliyobaki kuwa yake.

Kabla ya kuku alikuwa mfuaji. Kwa miaka tisa alifua mashuka ya hosteli, akisimama kutwa kwenye sakafu yenye maji. Siku moja zikaletwa mashine mbili. Kati ya wanawake kumi na wawili wakabaki watatu, na yeye hakuwa miongoni mwa hao watatu. Aliondoka na mshahara wa mwezi wa mwisho na mashuka manne yaliyochakaa, ambayo msimamizi aliwagawia kama zawadi ya kuagana.

Mwezi huohuo mama mkwe wake alinunua kuku kumi na wawili, matetea watupu, wakaja kwenye tenga moja. Sita akampa binti yake, dada mkubwa wa mumewe, anayeishi nyumba ya jirani. Sita akampa mke wa mwanawe.

"Tenga moja, siku moja, mkono mmoja," anasema Mama Tetea, akihesabu kwa vidole. "Hapo ndipo roho ilipoanza kuniuma. Wangekuwa wa mbegu tofauti ningejifariji. Sasa nijifariji na nini?"

Jina lenyewe alilipata siku ile. Mmoja wa wale kuku alionekana kama ataota upanga wa jogoo, na yeye akagoma kumpokea. "Nipeni tetea," alisema, "jogoo hajawahi kunilipia sabuni." Mtaa mzima ukacheka, jina likabaki. Wengine husema limemkaa vizuri kwa sababu nyingine: hakuna anayejua kuwatetea kuku wake kama yeye.

Miaka minne baadaye sita wakawa ishirini na wanne. Mayai yalilisha karibu nusu ya nyumba. Unga, mafuta, sabuni na madaftari vilitoka bandani, na mumewe hulikiri hilo bila kuulizwa.

Tatizo ni kwamba wifi yake alikuwa na ishirini na sita.

Nyumba hizo mbili zinatenganishwa na ukuta wa matofali unaofika kifuani. Mtu akisimama wima anaona ua wa pili wote. Mama Tetea hakuhitaji kusimama. Kila kuku akitaga hupiga kelele kutangaza, na yeye alikuwa na kopo la maziwa lenye punje za mahindi, na kopo la pili tupu. Kuku wa wifi akilia, punje moja ilihama kutoka kopo hadi kopo. Jioni alihesabu punje, kisha akahesabu mayai yake.

"Sikuwahi kumshinda," anasema. "Miaka minne. Siku nikipata kumi na nne, yeye kumi na nane. Nikipata kumi na sita, naye anafika ishirini, utadhani kuku wake wameambiwa."

Kilichomchoma zaidi kilikuwa yai moja tu, la mama mkwe.

Mama mkwe, ajuza mchangamfu anayetembea kwa fimbo, anaishi kwa mwanawe. Maji yake ya kuoga anayachemsha Mama Tetea. Nguo zake anafua Mama Tetea, kwa ustadi wa mtu aliyefua mashuka miaka tisa. Lakini yai lake la asubuhi lilipita juu ya ukuta. Kila siku saa moja kamili wifi alinyoosha mkono, "Mama, chukua," na ajuza akalipokea kwa mikono miwili.

"Nikamwambia, mama, hata hapa yapo," anakumbuka. "Akanijibu, 'Najua mkwe wangu, lakini haya nimeyazoea.' Yai linazoeleka? Si yai ni yai?"

Ajuza, aliyeketi kwenye kigoda karibu na mlango wa jikoni, anasikia na kuitikia bila kugeuka. "Yanazoeleka. Kiini chake ni kigumu."

"Umeona," anasema Mama Tetea. "Na leo bado anasema."

Miezi mitatu iliyopita, mchana mmoja, alimsikia wifi yake akimwambia mtu upande wa pili: "Haya masanduku yachomwe leoleo, yasilale hapa." Alichungulia. Nje ya geti la nyuma palikuwa na masanduku matatu ya mbao, yale ambayo kuku wa wifi walikuwa wakitagia kwa miaka yote.

Mtu mwingine angeona takataka. Mama Tetea aliona siri.

"Nikajiambia, kumbe iko humu. Sanduku ndilo linalofanya kuku atage. Na sasa anataka kulichoma ili mwingine asilipate." Anatikisa kichwa, nusu anacheka. "Kijicho kikikushika, hata takataka inakuwa dhahabu."

Wifi alipotoka kwenda kupima presha, Mama Tetea alizunguka kwa nyuma. Masanduku mawili alimudu kuyabeba. Aliyafunika kwa shuka la hosteli na kuyakumbatia kifuani. Nyumbani aliyapangusa vumbi, akaweka majani makavu, akayaingiza bandani. Vumbi lenyewe lilikuwa la kijivu, kama majivu yaliyomwagika kwenye nyufa za mbao. Hakujiuliza limetoka wapi.

Wiki ya kwanza kuku wake walitaga kumi na saba kwa siku moja. Alikuwa hajawahi kufika hapo. Siku hiyohiyo kopo la wifi lilikuwa na punje kumi na nane.

"Nilikosa usingizi kwa furaha. Moja tu! Nilikuwa nimebakiza moja tu."

Wiki ya tatu mambo yakageuka. Vilemba vya kuku, vilivyokuwa vyekundu, vikapauka kama karatasi. Jioni kuku wakawa hawataki kuingia ndani. Aliwasukuma mmoja mmoja, nao wakarudi kusimama mlangoni. Mayai yakawa na vidoadoa vya rangi ya damu kwenye ganda. Yule aliyekuwa akiatamia akakutwa amekufa juu ya mayai yake, mwepesi kama mfuko mtupu.

Mama Tetea alisimama kando ya ukuta akasema kwa sauti ya kusikika pande zote mbili: "Kuku wangu wametupiwa jicho. Na aliyewatupia anajijua."

Wifi alikuwa anaanika nguo. Aliacha alichokuwa akikianika, akaingia ndani.

Hawakusemezana kwa siku kumi na tisa. Yai la asubuhi liliendelea kupita juu ya ukuta, lakini mkono tu ndio ulionekana.

Katika siku hizo Mama Tetea alihangaika peke yake. Alikwenda duka la dawa za mifugo akaomba dawa ya chawa wa kuku. Muuzaji alimuuliza kama ana uhakika ni chawa, isije ikawa ni utitiri.

"Nikamwambia, kaka, wote si wadudu? Nipe dawa."

Alipewa poda. Kila asubuhi aliwashika kuku wake mmoja mmoja, akawapaka chini ya mabawa na shingoni, kwa upole kama anayempaka mtoto baada ya kuoga. Poda ile ililipiwa na mayai, na mayai yalikuwa yamebaki matano kwa siku. Alimaliza makopo matatu. Kuku waliendelea kufa. Wa pili, wa tatu, wa nne. Walipofika saba, na mama mkwe akaanza kujikuna, mumewe alitoa ule uamuzi wake.

Siku iliyofuata akaitwa bwana mifugo.

Bwana mifugo wa eneo hilo ni msichana wa miaka ishirini na sita. Ameacha kuwasahihisha watu. "Mwanzoni nilikuwa nasema mimi ni afisa mifugo," anasema. "Wananijibu, sawa bwana mifugo, karibu ndani."

Alifika na pikipiki, akavua kofia, akaomba kitu cheupe. Mama Tetea akampa ukurasa wa daftari. Aliukunja, akaupitisha chini ya ufito mmoja wa mbao ambao kuku walilalia, kisha akauonyesha. Karatasi ilikuwa na michirizi myekundu, kama mtu aliyejikata wembe.

"Hiyo ni damu ya kuku wako," alisema. "Imo tumboni mwa wadudu niliowaponda. Huu ni utitiri, mama. Si chawa."

"Tofauti yake nini?"

"Chawa anaishi kwenye mwili wa kuku. Utitiri unaishi kwenye banda. Mchana umejificha kwenye nyufa, usiku unatoka kula, ukishiba unarudi ukutani. Wewe umempaka dawa aliyeumwa. Aliyeuma yuko kwenye mbao, anakuangalia."

Mama Tetea akapiga hesabu. Makopo matatu. Kuku saba.

Bwana mifugo aliendelea kupekua. Fito zilikuwa na wadudu, lakini si wengi kama kwenye viota. Aliinua sanduku moja, akagonga chini yake kwa kiganja, na lile vumbi la kijivu likaanza kutembea.

"Haya masanduku umeyatoa wapi?"

Mama mkwe alikuwa kwenye kigoda chake. Mume, ambaye siku hiyo alichelewa kwenda kazini makusudi, alikuwa amesimama na brashi mkononi. Mama Tetea alifungua mdomo aseme amenunua. Neno lenyewe, anasema, lilikuwa tayari kwenye ulimi.

Hapo sauti ikatoka upande wa pili wa ukuta, kwa mara ya kwanza baada ya siku kumi na tisa.

"Wifi, zile kuni ziliwaka?"

Bwana mifugo alimtazama mmoja, akamtazama mwingine.

"Hazikuwaka," alisema Mama Tetea.

"Mbona?"

"Sikuziwasha."

Kisha akasema yote. Alisema kuhusu geti la nyuma, shuka, majani makavu, siku ya mayai kumi na saba. Kuhusu punje hakusema. Anasema aibu ina kipimo chake, na siku ile kilikuwa kimejaa.

Mama mkwe ndiye aliyejibu. "Yaani mimi nimejikuna usiku kucha kwa sababu ya wivu wa mayai?"

"Ndiyo, mama."

"Basi nipake dawa mgongoni, nisikofikia."

Wifi, mwanamke mrefu wa miaka arobaini na minane mwenye sauti ya chini, anakumbuka mchana ule wa masanduku. Alikuwa amesahau kadi ya zahanati, akarudi kuichukua. "Nilimwona kwa mbali amebeba kitu kwenye shuka. Nikajua anachukua kuni. Nikasema moyoni, angeomba tu, mimi na yeye si watu wa kuombana? Sikutaka kumwaibisha nikanyamaza."

Masanduku alikuwa anayachoma kwa sababu ya utitiri uleule. Ulimwingilia bandani, akauona mapema, akatoa mbao zote siku hiyohiyo. Alipoambiwa ametupa jicho, anasema, hakuelewa. "Iliniuma sana. Lakini nikawaza, pengine ni uchungu wa kuku waliokufa. Nikasema nitangoja."

Alipoyasikia maungamo siku ile hakusema mengi. Alizunguka akaja kwa geti la mbele, amebeba sufuria kubwa la kuchemshia maji.

"Yamekwisha, wifi," alisema. "Washa moto."

Mama Tetea anasimulia sehemu hii huku anatazama pembeni. "Mbele ya mama, mbele ya mume wangu, mbele ya bwana mifugo. 'Yamekwisha, wifi.' Kirahisi hivyo. Mimi ningemsema mwaka mzima. Hata kusamehe amenishinda. Nilitamani kosa lingekuwa lake ili mimi ndiye nisamehe."

Kazi ya siku ile ilianza saa tatu na kuisha jua linazama. Kuku walitolewa wakafungiwa kwenye wavu chini ya kivuli. Kila kipande cha mbao kilitolewa bandani: fito, viota, hata ubao wa mlango. Masanduku mawili yalikuwa ya kwanza kuingia motoni, na bwana mifugo alisimama hapohapo mpaka yakawa majivu. Wifi alichemsha, Mama Tetea alimwaga. Sufuria kumi na moja za maji ya moto ziliingia kwenye nyufa za ukuta. Kisha sabuni. Kisha dawa ya kupuliza bandani, kwa kipimo kilichoandikwa kwenye chupa na si kwa makisio.

Siku ya pili mumewe, bila kusema kitu, aliacha mlangoni ndoo ya chokaa na brashi yake kubwa. Kwa wanaomfahamu, brashi ile haiazimwi. Mama Tetea aliziba nyufa kwa saruji, akapaka chokaa ndani yote, akaweka mabomba ya chuma mahali pa fito.

Baada ya siku saba walirudia kila kitu tangu mwanzo.

"Watu wengi hukosea hapo," anaeleza bwana mifugo. "Wanapuliza mara moja, wanaona hakuna kitu, wanashangilia. Lakini dawa inaua walioanguliwa. Mayai ya utitiri yanabaki kwenye nyufa, yanasubiri. Baada ya siku chache wapo tena. Na banda lililoachwa tupu halisaidii, maana wanaweza kukaa miezi bila kula."

Aliagiza jambo moja zaidi: mabanda yote mawili yatibiwe siku moja, kwa sababu utitiri haujui ukuta ni wa nani. Ndivyo ilivyokuwa. Jumamosi mbili mfululizo pande zote mbili za ukuta zilitoa mvuke kwa pamoja. Mayai ya siku zile yalizikwa kwa sababu ya dawa, na kwa mara ya kwanza katika miaka minne mama mkwe hakula yai la mtu yeyote.

Katika siku hizo ndipo wifi alipotamka jambo ambalo hakuwahi kulisema. Walikuwa wamekaa kwenye ndoo zilizopinduliwa, wanangoja maji yachemke.

"Nina mama mmoja," alisema, "na analala kwako. Unamwogesha wewe. Akikohoa usiku unasikia wewe. Mimi nalala hapo ukutani, sisikii. Lile yai ni sababu tu. Bila yai ningesema nimekuja kufanya nini kila siku saa moja?"

Mama Tetea aliinama akasogeza kuni motoni.

Akiulizwa leo alichowaza, anajibu polepole. "Hilo sikuwahi kulifikiria. Nilikuwa nahesabu anavyonishinda. Sikujua na yeye ana kopo lake." Kisha ile roho ya siku zote inarudi, na macho yake yanacheka. "Lakini yai lingeweza kuwa langu, yeye akaja hivihivi. Mlango haufungwi."

Saa moja asubuhi jua limefika uani. Bwana mifugo ameegesha pikipiki. Mama mkwe yupo kwenye kigoda. Wifi amesimama nyuma ya ukuta, viwiko juu ya matofali, yai mkononi. Mpaka rangi amekaa kwenye ngazi ya mlango anafunga kamba za viatu, na zoezi hilo linamchukua muda mrefu kuliko kawaida.

Mama Tetea anaweka kitambaa juu ya stuli. Ni kipande cha shuka lilelile lililobeba masanduku. Alilichemsha mara mbili, akalikata vipande nane vya kupimia. Anafungua kunjo la kwanza. Cheupe. La pili. Cheupe. La tatu.

Kuna doa, dogo, la kahawia, ukubwa wa mbegu ya mchicha.

Mkono wa Mama Tetea unabaki hewani. Mumewe ameacha kamba za viatu. Upande wa pili wa ukuta wifi anasema taratibu, "Hapana. Hapana, jamani."

Bwana mifugo anainama. Analowesha kidole kwa mate, analisugua doa. Linachuja rangi ya machungwa. Anarudia. Anasugua kwa ukucha, ananusa, kisha anachukua tochi na kuingia bandani kwa magoti. Anakaa humo muda mrefu. Akitoka, ana chokaa kwenye nywele.

"Kutu," anasema. "Bomba la pili, pale linapoingia ukutani. Ni kutu ya chuma. Utitiri haupo."

Mama Tetea anakaa chini, palepale, kwenye udongo.

Mpaka rangi anasimama, anapangusa suruali. "Kutu nina rangi yake," anasema. "Nitapaka jioni." Anabeba ngazi yake na kuondoka, na hiyo ndiyo hukumu ya banda.

Mayai bado ni machache. Jana yalikuwa sita, leo huenda yakafika saba. Vilemba vimeanza kurudi rangi. Bwana mifugo amemwambia asitarajie idadi ya zamani kabla ya miezi miwili, na kila mwisho wa mwezi apitishe kitambaa cheupe alfajiri, hata kama haoni dalili yoyote. Amebakiza vipande vya kutosha.

Mipango anayo. Anataka kutoboa mlango mdogo ukutani, ili mama mkwe aende kwa binti yake bila kuzungukia barabarani na fimbo. Mumewe amekubali. Anataka pia kuongeza kuku, awe na ishirini na saba.

Kwa nini ishirini na saba, si thelathini, namba iliyokamilika?

Anaangalia ukuta, kisha anashusha sauti. "Yeye ana ishirini na sita."

Na zile punje?

Kopo lipo dirishani, mahali pake pa siku zote. "Kuacha nitaacha," anasema. "Ila kwanza nimfikie. Siku moja tu. Nikimfikia siku moja, mahindi yale nawapa kuku."

Kabla hajamaliza, kuku analia upande wa pili, kelele ndefu ya kujisifu. Mkono wa Mama Tetea unakwenda dirishani wenyewe, kama mkono wa mtu anayefukuza nzi. Vidole vimeshashika punje.

"Wifi," inasema sauti ya chini kutoka nyuma ya ukuta, "huyo usimhesabu. Hajataga. Ameona paka tu."

Mama Tetea anaitazama punje kwa muda. Kisha anairudisha kwenye kopo ilikotoka.